Ishara namba 10 ni ya nani? Kisa cha jaribio la dibaga ya mbali

Mstari wa mwisho kwenye logi ulikuwa na herufi tatu: `X0a`. Anayeijua lugha ambayo dibaga, yaani chombo cha kuwinda makosa ya programu, huzungumza na seva yake atausoma bila kusita. X maana yake programu imeuawa na ishara, yaani taarifa fupi yenye namba ambayo mfumo huipelekea programu, tarakimu mbili zinazofuata ni namba ya ishara hiyo kwa msingi wa 16, na 0a ni 10. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimetoka kutuma ishara namba 10, yaani SIGUSR1. Programu ilitakiwa iipokee, iandike mstari mmoja, kisha iendelee na kazi. Badala yake ikafa.

Nikajiambia kwamba ishara imefika kabla kipokezi chake, kile kipande cha programu cha kuishughulikia, hakijawekwa. Yalikuwa maelezo safi, na kila kitu kilichokuwa mbele yangu kwenye skrini kiliyaunga mkono. Hayakuwa kweli, na yalinila siku moja na nusu.

Tulichotaka kukipima

Dibaga ya mbali ina pande mbili. Mteja yuko kwenye mashine ya mwandishi wa programu. Seva iko pale programu inapoendeshwa, iwe ni bodi ndogo ya elektroniki, simu au kontena. Kwenye Linux seva huishika programu kwa ptrace, huduma ya mfumo ya kuidhibiti programu nyingine, halafu pande hizo mbili huongea kwa pakiti ndogo za maandishi. Kila pakiti huanza na `$`, ikaja amri, ikaja `#`, kisha tarakimu mbili za kuhakiki ambazo ni jumla ya thamani za herufi za amri, ikibakizwa baiti ya mwisho tu. `$c#63` ni amri ya "endelea", na 63 si kitu zaidi ya thamani ya herufi c yenyewe kwa msingi wa 16, kwa kuwa jumla ya herufi moja ni hiyohiyo.

Lugha hii asili yake ni dibaga ya GDB, lakini LLDB, dibaga nyingine, nayo huitumia, ikiwa na nyongeza zake. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika jaribio moja la Python linalojifanya mteja na kulielekeza leo kwa gdbserver, seva ya GDB, kesho kwa lldb-server, seva ya LLDB, bila kufungua dibaga yoyote. Unatuma pakiti mbichi na unasoma jibu bichi. Jaribio likifeli, unajua kosa liko kwa seva. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini, walau.

Swali letu lilikuwa dogo: nikimwambia seva apeleke ishara kwa uzi fulani, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, je, ni uzi huohuo unaoipata? Kwa programu ya uzi mmoja swali hili halina maana. Kwa programu yenye nyuzi kumi zinazogawana kazi, lina uzito. Ishara ikienda kwa jirani, mwandishi ataanza kuwinda kosa ambalo halimo kwenye programu yake, limo kwenye chombo anachowindia.

Programu ya kujaribiwa niliiandika kwa C, mistari isiyozidi themanini. `main` inaweka kipokezi cha SIGUSR1, inachapisha neno "tayari", inaanzisha nyuzi tatu, kisha inazisubiri. Kila uzi unajipigia SIGUSR2 kwa `raise`. Hapo seva inausimamisha uzi na kumwarifu mteja kabla ishara haijamfikia mhusika. Sasa mteja ana hiari: aiache SIGUSR2 ipite, aizuie, au aibadilishe na nyingine. Sisi tunaibadilisha na SIGUSR1. Kipokezi kinaamka, kinaandika namba ya uzi kilimoamkia, `raise` inarudi, uzi unamaliza. Nyuzi zote tatu zikiisha seva hujibu `W00`, yaani programu imetoka kwa amani.

Kwa nini uzi ujipigie ishara kwanza badala ya mimi kuusimamisha popote na kuupachika SIGUSR1? Kwa sababu ptrace ina namna nyingi za kusimamisha uzi, na si zote zinazokubali kupachikwa ishara wakati wa kuendelea. Pale uzi uliposimama kwa sababu kuna ishara mlangoni inayosubiri kuingia, kubadilisha ishara hiyo ni halali kabisa. Kwingineko inaweza kumezwa kimya. Nilitaka kupima seva, sikutaka kupima pembe za keneli, kiini cha mfumo wa Linux.

Amri ya kuendeleza ni `vCont`. Zipo za zamani, `Hc` ya kuchagua uzi na `C` ya kuendelea na ishara, lakini nyaraka za GDB zenyewe zinashauri `vCont` panapokuwa na nyuzi nyingi, na sababu inaonekana: `vCont;C0a:6b21;c` inasema yote kwa mpigo mmoja, kwamba uzi 6b21 uendelee na ishara 0a, na waliobaki waendelee hivihivi. `Hc` ikifuatwa na `C` haisemi waliobaki wafanye nini.

Lilipita kwa mmoja, likafeli kwa mwingine

Dhidi ya lldb-server jaribio lilipita tangu siku ya kwanza. Kisha nikalielekeza kwa gdbserver na likaanza kulalamika, kwanza kwa mambo madogo.

Dogo la kwanza ni umbo la taarifa ya kusimama. lldb-server hutaja uzi mara tu baada ya namba ya ishara: `T05thread:6b20;` na mengine yakafuata. gdbserver hutanguliza rejista chache, vihifadhi vidogo vya prosesa, ambazo mteja atazihitaji mara moja. Kwenye x86 ya biti 64 ni namba 06, 07 na 10, yaani rbp, rsp na rip, ndipo inapotaja uzi. Ruwaza yangu ya kusoma taarifa hiyo ilikuwa imebana: T, tarakimu mbili, neno `thread:` papo hapo. Nikailegeza ikubali chochote katikati. Na katika kulegeza huko nikafanya jambo ambalo sikulitilia maanani: nikafuta pia mstari uliokuwa ukilinganisha zile tarakimu mbili na namba ya SIGUSR2, kwa kuwa ulikuwa umeanza kulalamika, nami nikadhani unalalamika kwa sababu ya ruwaza. Kumbuka mstari huo.

Dogo la pili ni mahali maandishi ya programu yanakotokea. lldb-server huyabeba ndani ya pakiti zinazoanza na O na kumletea mteja. gdbserver haijisumbui, programu inarithi mkondo wa seva yenyewe, na maandishi yanatoka hapo. Nikaunganisha paipu nisome.

Dogo la tatu ni mlango wa mtandao. Ukiipa gdbserver mlango namba 0, keneli inachagua ulio wazi, na seva inautaja kwenye mkondo wa makosa: `Listening on port` na namba. Jaribio lilisoma mkondo huo mpaka lipate mstari huo, baada ya hapo uzi mmoja wa Python ukawa unazoa kila kinachokuja na kukimwaga, paipu isije ikajaa na kuikaba seva. Kumbuka na hilo pia.

Basi nikaendesha. Pakiti ya kwanza, sawa. `vCont;c`, sawa. Taarifa ya kusimama, sawa, uzi umetajwa. Nikatuma SIGUSR1 kwa uzi huo. Jibu: `X0a`.

Maelezo yaliyokaa sawa mno

Tazama ushahidi niliokuwa nao. Programu imekufa kwa ishara namba 10. SIGUSR1 kwenye Linux ya x86 ni namba 10. Mchakato usio na kipokezi cha SIGUSR1 hufa ukiipata. Ndiyo tabia yake ya asili. Na neno "tayari", ambalo `main` hulichapisha baada tu ya kuweka kipokezi, halikuonekana popote kwenye maandishi ya programu. Hakimu gani asingehukumu? Ishara imewahi, kipokezi kimechelewa.

Nikaweka `sleep(2)` kabla ya kuanzisha nyuzi. `X0a`. Nikahamisha kuwekwa kwa kipokezi juu kabisa ya `main`. `X0a`. Nikaongeza muda wa kusubiri upande wa Python. `X0a`, na safari hii ikichukua muda mrefu zaidi kufika.

Kilichopaswa kunishtua mapema ni hiki: niliendesha jaribio mara 50 mfululizo, likafeli mara 50. Mambo ya mbio, ya nani kawahi na nani kachelewa, hayana nidhamu hiyo. Yanafeli mara tatu, yanapita mara kumi, yanafeli ukiwa unamwonyesha bosi. Kosa linalotokea kila mara, kwa namna ileile, halihusiani na saa. Nililiona hilo na kulipita, kwa sababu kichwa kilishaamua.

Na ule ukimya wa "tayari"? Huo ulikuwa shahidi wa uongo, na kisa chake kinastahili kuelezwa kwa kuwa kinawanasa wengi. Maktaba ya C ikiandika kwenye terminali husukuma nje kila mstari unapokamilika. Ikiandika kwenye paipu hulimbikiza kwenye bafa, hifadhi ya muda ya kumbukumbu, mpaka ijae au programu itoke kwa utaratibu. lldb-server huipa programu terminali bandia, kwa hiyo "tayari" ilikuwa ikionekana papo hapo. Chini ya gdbserver, mimi ndiye niliyeweka paipu. Neno lilichapishwa, likakaa kwenye bafa, programu ikauawa, bafa ikazikwa nayo. Kutoonekana kwake hakukuwa na habari yoyote kuhusu kipokezi.

Hilo nililigundua nilipochoka kubahatisha na kwenda kuangalia. Jaribio likiwa limesimama baada ya taarifa ya T, kabla ya kutuma chochote, nilifungua `/proc` ya mchakato ule na kusoma faili la `status`. Humo kuna mstari `SigCgt`, orodha ya biti ya ishara zenye vipokezi. Biti ya kumi ilikuwa imewashwa: mwisho wa ile namba ndefu palisomeka 200. Kipokezi kipo. Kimewekwa. Kinasubiri.

Sasa nikawa na hali ya ajabu: mchakato wenye kipokezi cha ishara namba 10 unauawa na ishara namba 10. Nikataka kuiweka chini ya strace, chombo cha kufuatilia mchakato ambacho nacho hutumia ptrace, niione keneli ikikabidhi, lakini haiwezekani. Mchakato hushikwa na mmoja tu kwa wakati mmoja, na mshikaji alikuwa gdbserver.

"Kaka, hiyo 10 umeitoa wapi?"

Nilimtumia mwenzangu logi. Yeye hufanyia kazi Mac, na hakuwa ameligusa jaribio hili. Akajibu kwa swali moja: "Kaka, hiyo 10 umeitoa wapi? Kwangu `kill -l` inasema USR1 ni 30."

Nikamjibu kwa ule uvumilivu wa mtu anayejiona anajua: "Dada, hiyo ni macOS. Huku ni Linux." Na kweli, namba za ishara hutofautiana, hata ndani ya Linux, SIGUSR1 ni 10 kwenye x86 na ARM lakini ni 16 kwenye MIPS.

"Sawa," akaandika. "Ila seva yako imekuambia ilisimama kwa 1f. 1f ni 31. Kwangu 31 ni USR2. Kwako?"

Kwangu USR2 ni 12, yaani 0c.

Nikairudia logi. Taarifa ya kusimama ilikuwa `T1f`, ikifuatwa na rejista, ikifuatwa na uzi. Ilikuwa hapo tangu mara ya kwanza, kwenye kila uendeshaji, mara zote 50. Ruwaza yangu ilikuwa inakubali tarakimu zozote mbili, na mstari ambao ungepiga kelele nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu.

Jibu liko kwenye historia ya lugha yenyewe. Mteja na seva wanaweza kuwa kwenye mifumo tofauti, kwa hiyo GDB ilijitengenezea orodha yake ya namba za ishara isiyotegemea mfumo wowote. Kila seva inayoifuata hutafsiri kutoka namba za kwao kwenda za orodha hiyo, na kinyume chake. Zile za mwanzo zinazojulikana sana zinalingana na Linux: SIGTRAP ni 5 huku na kule, SIGKILL ni 9, SIGSEGV ni 11. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika majaribio mwaka mzima ya breakpointi na ya programu zinazoanguka bila kugundua kwamba kuna orodha mbili. Zinakoachana ndiko kwenye balaa. Kwenye orodha ya GDB SIGUSR1 ni 30 na SIGUSR2 ni 31. Namba 17, ambayo kwa Linux ni SIGCHLD, kwa GDB ni SIGSTOP. Na namba 10 kwa GDB ni SIGBUS.

SIGBUS. Nilikuwa nimeiambia gdbserver, kwa adabu na kwa pakiti iliyohakikiwa vizuri, iupige uzi wangu SIGBUS. Ikaigeuza kuwa namba ya Linux, ambayo ni 7, ikaipachika, na programu isiyo na kipokezi cha SIGBUS ikafa inavyopaswa kufa. Kisha seva ikaripoti kifo kwa orodha yake: SIGBUS, 10, `X0a`. Nilituma namba yenye maana moja, nikasoma namba ileile kwa maana nyingine, na kwa bahati mbaya ishara zote mbili huua.

Mwenzangu alikuwa sahihi kwa njia ya mzunguko. Orodha ya GDB na ile ya macOS zinakubaliana karibu kote: BUS 10, STOP 17, CHLD 20, USR1 30, USR2 31. Mtu aliyezoea namba za Mac akiandika jaribio hili dhidi ya gdbserver ya Linux angepita moja kwa moja bila kujua alichokikwepa.

Kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye. Nilipoacha kuumwaga mkondo wa makosa, ukatoka mstari huu: `Child terminated with signal = 0x7 (SIGBUS)`. gdbserver ilikuwa imeniambia jina la muuaji, kwa herufi kubwa, kila mara. Nilikuwa nimeajiri uzi mzima wa kuitupa habari hiyo.

Kurekebisha: nani anatumia orodha gani

Njia ya mkato ilikuwa kuandika "ikiwa ni gdbserver, 30, ikiwa ni lldb-server, 10". Niliikataa. Jina la seva si ushahidi wa lugha yake. Kuna emuleta na vifaa vingi vinavyozungumza lugha hii na wala havitaji jina.

lldb-server hutumia namba za mfumo inakoendeshwa, bila kutafsiri. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kujijulia tu. Matoleo ya karibuni hulitangaza: mteja akituma `qSupported`, jibu linabeba neno `native-signals+`. Kwa seva za LLDB za zamani zaidi, mteja wa LLDB mwenyewe hutumia dalili nyingine, nyongeza ya `QThreadSuffixSupported` ambayo ni ya ukoo wa LLDB: seva ikiikubali, huhesabiwa kuwa inatumia namba za kwake. Nikaiga mpangilio huohuo. Jaribio linauliza, likipata mojawapo linatumia jedwali la mfumo, likikosa zote linatumia jedwali la GDB.

Hakuna tena namba ya ishara iliyoandikwa kwenye jaribio. Kuna majina. Namba hupatikana dakika ya kutuma, na jibu likirudi hugeuzwa kuwa jina kabla ya kulinganishwa na chochote, hata kabla ya kuandikwa kwenye logi. Logi ya leo ingesema "imeuawa na SIGBUS" na kisa hiki kisingekuwepo. Ule mstari niliofuta umerudi pia: taarifa ya kusimama lazima iwe ya SIGUSR2, la sivyo jaribio linakatika hapohapo.

Jaribio likapita kwa seva zote mbili.

Lilipopita nikaliogopa zaidi

Baada ya kudanganywa siku moja na nusu na jaribio lililofeli, nilipata wasiwasi na lililopita. Nikaliharibu makusudi: badala ya kutuma SIGUSR1 kwa uzi ulioripotiwa, nikatuma kwa uzi unaofuata kwenye orodha. Wa kwanza akisimama, ishara anapewa wa pili. Wa pili, wa tatu. Wa tatu, wa kwanza. Hilo ndilo kosa hasa ambalo jaribio zima liliandikwa kulikamata.

Likapita.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu ya mwisho. Nyuzi zinaposhindana, hazina zamu. Mbili zikijipigia ishara karibu wakati mmoja, gdbserver inaripoti moja na kuishikilia nyingine, na huchagua kwa kubahatisha makusudi ili uzi mmoja usiwameze wengine. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimekwepa kutegemea mpangilio: nilikusanya seti ya nyuzi zilizosimama na seti ya nyuzi ambazo vipokezi vyake viliamka, kisha nikauliza kama seti mbili zinalingana. Kila uzi ukimpa jirani ishara yake kwa mzunguko, seti zinabaki sawasawa. Barua tatu zimefika nyumba tatu. Hakuna aliyesoma jina kwenye bahasha.

Suluhisho la kwanza lililonijia ni kudai mstari wa kipokezi uonekane kabla ya kusimama kunakofuata. Haliwezekani. Ninapoendeleza nyuzi zote, uzi wa pili unaweza kusimama kabla wa kwanza hajapata hata nafasi ya kuingia kwenye kipokezi chake, na hapo seva inawasimamisha wote. Mstari utakuja baadaye, na hiyo ni tabia halali. Kudai mpangilio hapo kungeleta zile mbio nilizokuwa nimezituhumu bure mwanzoni, safari hii za kweli.

Kilichofaa ni kumpa kila mmoja bahasha yake. Uzi wa kwanza kusimama hupewa SIGUSR1, wa pili SIGURG, wa tatu SIGIO. Kipokezi ni kimoja kwa zote tatu na kinaandika jina la ishara pamoja na namba ya uzi. Hutumia `write` moja kwa moja, maana `printf` ndani ya kipokezi cha ishara ni hatari, na tayari nilikuwa na ugomvi na bafa. Mwisho tunalinganisha jozi, bila kujali zilikuja kwa mpangilio gani. Tahadhari ndogo kwa atakayeiga: seva hutaja uzi kwa msingi wa 16, kipokezi changu kiliandika kwa msingi wa 10, na nilipoteza dakika kumi kabla sijakumbuka.

SIGURG na SIGIO sikuzichagua ovyo. Kwa Linux SIGURG ni 23 na SIGIO ni 29. Kwa orodha ya GDB SIGURG ni 16 na SIGIO ni 23. Namba 23, 17 kwa msingi wa 16, ni halali kwa pande zote mbili na ina maana tofauti kila upande. Seva au mteja akichanganya majedwali kwenye namba hiyo, hakuna kifo cha kutuchanganya: programu inaendelea, na jina lisilo sahihi linatokea mbele ya namba ya uzi iliyo sahihi. Makosa ya aina mbili, ya uzi na ya jedwali, sasa yanaonekana tofauti kwenye matokeo.

Nikarudisha lile haribiko la makusudi. Likafeli, na likaandika: `SIGURG: ilitarajiwa uzi 6b22, imepokewa na 6b23`. Nikaharibu jedwali, kwenye namba hiyo ya 23, badala ya uzi. Likafeli tena, likitaja uzi sahihi na ishara isiyo yake. Nikaondoa maharibiko yote, nikaendesha mara 50 kwa kila seva, zikapita.

Kisha nikaifungua ile programu ya C kuisafisha kabla ya kuihifadhi, na nikaikuta `sleep(2)` ya siku ya kwanza bado imekaa pale juu ya nyuzi, ikisubiri kipokezi ambacho hakikuwahi kuchelewa. Nikaifuta.